Geti Lisilomjua Mtu

Kazi yangu ni kufukia waya kwenye njia za magari ili mageti yajifungue. Nikisema hivyo kwetu Muheza watu hunitazama kwa huruma, maana kwetu geti, kama lipo, ni la kuzuia mbuzi, na mbuzi wenyewe wanajua pa kupitia. Mama yangu ameshaacha kunielezea kwa watu. Akiulizwa nje ya kanisa binti yake anafanya nini huko Tanga mjini, hujibu "yuko kwenye umeme," kisha anageuzia maneno kwenye machungwa.

Basi nieleze mwenyewe, kwa ufupi, halafu sitarudia. Unachukua mashine ya kukatia zege, unachora mstatili kwenye njia ya gari, unakata mfereji mwembamba usioingia hata kidole. Pembe unazikata mshazari ili waya usikunjike vibaya. Unauzungusha waya humo mara kadhaa, ncha zake mbili unazisokota pamoja mpaka kwenye boksi lililo ukutani, kisha unaziba kwa lami. Hicho tunakiita kitanzi. Gari likifika juu yake, lile bati lote la tumboni mwa gari linausumbua umeme uliomo kwenye waya, boksi linashtuka, geti linafunguka. Kitanzi hakioni, hakisikii, hakisomi namba za gari. Kinajua jambo moja tu, kwamba juu yake pana chuma kingi. Mtu akisimama hapo tangu asubuhi, hata awe mheshimiwa wa namna gani, geti halina habari naye.

Ugomvi wangu na wateja huanzia hapo, kwa sababu kila mteja anataka kuamini kwamba geti lake lina akili.

Mwenye nyumba niliyemfanyia kazi kule Raskazone alikuwa mfanyabiashara wa matairi, mjane, mtu mzima mwenye tumbo na furaha, wa aina ile anayekuita unywe chai wakati umelala kifudifudi unasokota waya. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, na alitaka geti liwe tayari kabla ya harusi ili wakwe walione. Nilimshauri kama ninavyowashauri wote. Kitanzi kimoja kiwe ndani, kimfungulie anayetoka. Kingine kiwe chini ya geti lenyewe, lisije likamfungia mtu juu ya boneti. Na wewe unayeingia, tumia rimoti. Akakataa. Alitaka na nje kuwe na kitanzi, ili afike, lifunguke, bila yeye kutoa mkono kwenye usukani.

"Mzee, ukiweka na nje, gari lolote litafungua," nikamwambia.

"Lolote la nani?"

"Lolote. Lako, la jirani, la mwizi."

"Mwizi wa Tanga hana gari," akasema. "Mwizi wa Tanga anakuja kwa miguu, na wewe mwenyewe umesema halimfungulii mtu wa miguu. Basi hilo ndilo geti ninalolitaka mimi."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na kitu kinachozipandisha haraka kuliko vyote ni mtu anayekosea kwa hoja nzuri. Mwenzangu wa kazi, Msambaa mpole ambaye mashine ya kukatia ni yake, alinivuta kando akaniambia nyumba ni yake, geti ni lake, na mwizi pia atakuwa wake. Tukaweka na nje.

Siku ya kukata zege ndiyo niliyomjua shangazi wa bibi harusi. Mashine ikawaka, vumbi jeupe likapanda, upepo wa baharini ukalichukua lote ukalipeleka uani. Mara akatokea mwanamke mrefu, mkavu, kanga imefungwa kifuani kwa nguvu, ameshika ungo wa mchele. Mwenzangu akazima mashine kabla hajaambiwa.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba. Mchele huu nimeuchambua tangu asubuhi. Sasa mmeutia unga. Mnataka niwapikie wageni pilau au uji?"

Nikaomba radhi. Akauliza mimi ni mtoto wa wapi, nikamwambia Muheza, Mbondei. Akamgeukia mwenzangu, akasikia ni Msambaa, akatikisa kichwa. "Kaka yangu kawatoa watu bondeni na milimani waje kumfungia mlango pwani," akasema, na akavuta kiti cha plastiki akakaa pale pale langoni kuuchambua mchele upya mbele yetu, ili tuone tulichokifanya.

Alikuwa dada mkubwa wa mwenye nyumba, ametoka Tongoni kwa ajili ya harusi hii, na hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kwa muda niliokuwa nimepiga magoti nikipanga waya, nilipata kuyajua maisha yake yote. Mke wa kaka yake alifariki mtoto angali mchanga. Mtoto akapelekwa Tongoni, shangazi akamlea mpaka alipopelekwa mjini kusoma sekondari. Yeye mwenyewe aliolewa mara mbili na hakujaaliwa kuzaa. Alilisema hilo bila kuinua macho kwenye ungo, kwa sauti ile ile aliyolalamikia vumbi.

Halafu akaniambia habari ya mlango. Kwao, bwana harusi akishafunga ndoa msikitini huletwa nyumbani kwa mkewe kumpa mkono, naye hukuta mlango umefungwa na wanawake. Anabisha, anaulizwa, anakataliwa, anabembeleza. Wanawake wanadai kanga, wanadai udi na marashi, wanamcheka viatu, na hawafungui mpaka roho zao zitulie. Na katika ukoo wao anayeshika mlango ni mama wa bibi harusi. Wengine wanasimama nyuma yake kuchochea.

"Mimi harusi za ukoo huu zote nimekuwa jikoni," akasema. "Hakuna aliyenikataza kuja mlangoni. Ila hakuna aliyeniita. Nasikia vigelegele tu, nakoroga. Safari hii mlango ni wangu."

"Hongera shangazi," nikasema, na nilisema kwa moyo wote, maana sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Na si mlango wa chumbani," akaendelea. "Kule chumbani wanaona wangapi? Nitafunga hapa, kwenye geti, mtaa mzima unione."

Nikaacha waya. Nikamweleza, taratibu, kwamba geti hili litajifungua lenyewe bwana harusi akifika na gari.

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesema neno la kitoto. "Litamjulia wapi? Kaka kaniambia linamjua yeye."

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Yule mzee, baada ya kuelezwa habari za chuma na umeme mpaka sauti ikanikauka, alikwenda kumwambia dada yake kwamba geti linamjua. Nikaanza upya. Nikachora mchangani. Nikasema haliangalii sura, haliangalii gari la nani, linahisi bati. Shangazi alisikiliza kwa adabu, na ninaamini angenielewa, kama lisingetokea lile sufuria.

Ilikuwa siku tuliyorudi kujaribu kila kitu, lami imeshakauka. Wanawake wa jikoni walikuwa wameletewa sufuria kubwa la pilau kutoka Tongoni, lile ambalo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Limeteremshwa barabarani, na wawili wakawa wanaliburuta kuelekea getini huku wakilalamika viuno. Walipofika mbele ya geti wakachoka, wakalitua chini wapumzike. Walilitua katikati ya kitanzi changu cha nje. Geti likanguruma, likafunguka taratibu mpaka mwisho.

Wanawake wakabaki wamelikodolea macho. Shangazi alisimama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Mnaona?" akasema. "Sufuria la bibi yetu. Limepikia harusi za watu wote wa nyumba hii. Geti limelijua."

"Shangazi, hilo ni bati tu. Ni sufuria kubwa, ndiyo maana—"

"Masufuria mangapi yamepita barabara hii tangu asubuhi?" akaniuliza. "Limefungukia lipi?"

Hayakuwa yamepita masufuria mengine barabara ile, na geti lilikuwa halijawashwa mpaka saa ile, lakini kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo wale wanawake walivyozidi kunihurumia. Mmoja aliniletea maji. Mwenye nyumba akatokea, akaambiwa habari, na badala ya kunisaidia akapapasa geti lake kama anayepapasa ng'ombe na kusema, "Limelijua." Kisha akanikonyeza.

Nilimfuata mpaka barazani. Nikamwambia dada yake anapanga kufunga geti siku ya harusi na gari la bwana harusi litalifungua mbele ya watu wote. Akacheka. Dada anasema tu, akaniambia, mlango wa wanawake ni wa chumbani tangu dunia iumbwe, na kwanza yeye anataka wakwe walione geti likifunguka, ndiyo maana ameliweka. Kisha akanisifia betri. Nilimwekea betri ili umeme ukikatika geti liendelee kufanya kazi, na alikuwa ameipenda hiyo betri kuliko waya zangu zote.

Siku moja kabla ya kumaliza kazi nilimkuta shangazi peke yake langoni, mchana wa jua kali, watu wamelala. Geti limefungwa. Ameshika nondo zake kwa mikono miwili, anazungumza na barabara tupu.

"Nani?" akauliza kwa ukali. Akangoja. "Hatukujui. Nyumba hii haina mgeni leo." Akangoja tena, akageuza shingo kwa maringo. "Kanga hizo mlimnunulia nani, jirani yenu?"

Akaniona. Hakuona haya hata kidogo. Akaniuliza kama sauti inafika mpaka kule kwenye mwembe wa jirani. Nikasema inafika. Nilitamani sana ipatikane njia ya yeye kupata alichokitaka, na nilikuwa na hasira na kaka yake kiasi kwamba nilikaza skrubu ya boksi mpaka kichwa chake kikakatika.

Nikaalikwa harusini. Fundi akifanya kazi nyumba yenye harusi, halafu asialikwe, ni aibu ya nyumba. Nilivaa dira la kuazima kutoka kwa jirani yangu wa Chumbageni, refu mno, na sikuchukua hata bisibisi. Nilikwenda kula pilau. Hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye watu waliniuliza vifaa vyangu viko wapi, kama kwamba mwanamke anakwenda harusini na koleo.

Alasiri wanaume walikwenda msikitini. Wanawake wakabaki, uwanja umejaa kanga za sare, muziki wa taarabu unatoka kwenye spika. Shangazi alitoka ndani amevaa gauni la kijani la kung'aa, udi unamtangulia, na vidole vimepakwa hina kama yeye ndiye anayeolewa. Akaenda moja kwa moja getini, wanawake wakajipanga nyuma yake. Nikamfuata huku nikilikanyaga dira langu.

"Shangazi, nakuomba. Twende tukafunge mlango wa sebuleni. Ule hauna waya."

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "leo usinifundishe."

Dufu likasikika kutoka mbali, juu ya pikapu, halafu honi. Magari yakakunja kona, la mbele limepambwa kwa maua na riboni. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kiti cha mbele pembeni mwa dereva, mkono umetoka dirishani, tayari kuonyesha. Shangazi akashika nondo kwa mikono miwili, akavuta pumzi.

"Nani?" akauliza.

Gari likapanda juu ya kitanzi. Geti likanguruma, likaanza kwenda.

Lile ni geti la kuteleza, linakwenda pembeni kuufuata ukuta. Mtu mwingine angeliachia. Shangazi hakuachia. Geti lilipokwenda, akaenda nalo, hatua za kando kwa kando, gauni la kijani linavutwa, uso bado umetazama mbele kwa ukali ule ule, akawa anauliza "Nani?" huku anapelekwa. Wanawake waliokuwa wamemshika kwa nyuma wakaenda naye, mstari mzima, mpaka geti likafika mwisho na wao wakagongana penye ukuta wa maua. Gari lilishapita zamani. Liko barazani, mwenye nyumba ameshateremka, anawaambia wakwe, "Mmeona? Lenyewe. Sijagusa kitu."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu hakuna mtu ambaye angeona kitu kile akanyamaza. Shangazi hakucheka. Alijifuta majani kwenye mkono, akafungua mtandio wa harusi kichwani, akaufunga kiunoni, akapita katikati ya watu akaenda jikoni.

Nilimkuta anakoroga. Alikuwa amemnyang'anya mtu mwiko. Nikasimama pale na dira langu. Angelia ningejua nimshikeje.

"Nipishe mwanangu," akasema. "Wali utaungua."

Wali ulikuwa umeshaiva na umeshapakuliwa nusu. Niliumia moyo. Nilitoka jikoni nikimtafuta mwenye nyumba kwa maneno ambayo namshukuru Mungu sikupata nafasi ya kuyasema, kwa sababu barazani kulikuwa kumetokea jambo jingine. Bwana harusi alikuwa amefika mpaka mlango wa chumba, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kutoka ndani. Bibi harusi ametuma neno. Hampi mtu yeyote mkono mpaka shangazi yake afunge geti.

Wazee wa upande wa bwana harusi wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja akasema wameshaingia, mtu hawezi kuingia nyumba mara mbili. Mwingine akasema magharibi inakaribia. Bwana harusi, kijana mwembamba anayefundisha hesabu shule moja huko Maramba, alikuwa amevaa joho lililomzidi mabega, na kwa muda wote huo alikuwa anauliza amekosa nini. Bibi mmoja akamweleza sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Turudi nje," akasema.

Kurudisha nyuma msafara wa harusi kwenye njia ya nyumba si jambo la kuelezeka. Pikapu ya dufu ilikuwa imeziba langoni, nyuma yake kuna magari yamebanana mpaka barabarani, kila dereva anamwelekeza mwenzake. Wapiga dufu, bila kuambiwa na mtu, waliendelea kupiga. Hatimaye wote wakawa nje. Geti likajifunga. Shangazi akaletwa kutoka jikoni kwa kusukumwa mgongoni, mwiko bado uko mkononi, akasimamishwa mahali pake. Akashika nondo kwa mkono mmoja. Gari la mbele likasogea. Geti likafunguka.

Safari hii aliachia mapema.

"Rudini," mwenye nyumba akapiga kelele. Sasa alikuwa ameelewa dada yake alikuwa anataka nini, na uso wake ulikuwa umevimba. "Rudini wote. Zimeni umeme wa nyumba nzima."

Mtu akakimbia kuzima mein swichi. Taarabu ikakatika katikati ya neno, feni zikasimama, bibi mmoja sebuleni akauliza kama umeme umekatika mji mzima. Magari yakarudi nje, geti likafungwa. Gari likasogea. Geti likafunguka vizuri kabisa.

Mwenye nyumba akanitazama mimi.

"Ile betri, mzee," nikamwambia.

"Izime."

"Iko ndani ya kasha la mota. Linataka bisibisi na muda."

"Bisibisi yako iko wapi?"

Hapo hasira zangu zikafika zilipokuwa zinakwenda tangu siku ya chai. Nilikusanya dira mkononi, nikatoka nje ya geti, nikasimama mbele ya gari lenye maua, nikasema kwa sauti ambayo kwa hakika ilifika kwenye mwembe wa jirani. Nikasema geti hili halimjui mtu. Halimjui mwenye nyumba, halilijui sufuria la bibi, na bwana harusi halimjui kabisa. Linajua bati. Mkilijia na bati litawafungulia mpaka kesho. Rudisheni magari yote kule kwenye kona, na bwana harusi ateremke aje kwa miguu yake kama watu walivyokuwa wanakwenda kuoa.

Wote wakamgeukia mwenye nyumba. Akakohoa.

"Mimi nilisema linajua gari," akasema.

Magari yakarudi mpaka kwenye kona, nami nikarudi ndani, geti likajifunga. Bwana harusi akateremka. Mtu alitaka kumzuia kwa ajili ya viatu, maana barabara ile ni mchanga mtupu, naye akavivua, akamkabidhi mjomba wake, akaja pekupeku amekunja joho mkononi. Wapiga dufu wakaruka kutoka kwenye pikapu wakamfuata nyuma. Majirani walikuwa wametoka kwenye nyumba zao wote, wengine wamekalia kuta. Akafika. Akasimama katikati ya kitanzi changu, palepale nilipopiga magoti kusokota waya, na geti halikutikisika. Nimefunga mageti mengi, na yote nimeyaona yakifunguka, lakini sijawahi kufurahia kazi yangu kama nilivyoifurahia siku ile geti lile lilipokataa.

Shangazi alikuwa ameshika nondo. Mara ya kwanza aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani?"

Bwana harusi akataja jina lake na la baba yake.

"Hatukujui," shangazi akasema, na sauti sasa ilikuwa imepata nguvu. "Nyumba hii haina mgeni leo. Viatu vyako viko wapi? Umekuja kuoa au kuvua pweza?"

Mtaa mzima ulicheka, na safari hii ulicheka naye. Shangazi akageuza shingo. Wanawake wakapiga vigelegele. Nyuma ya bwana harusi mjomba wake alikuwa anahangaika na viatu mkono mmoja na sinia la kanga na marashi mkono mwingine, anatafuta pa kulipitishia katikati ya nondo. Mwenye nyumba alipita pembeni, akamwekea dada yake rimoti mkononi, juu ya mwiko.

"Umefuata nini hapa?" shangazi akauliza.

Sijui kama alifundishwa na mtu. Sidhani, hakukuwa na nafasi. Desturi ni kumtaja baba, kwamba nimemfuata binti wa fulani, na fulani mwenyewe alikuwa amesimama pale anangoja kutajwa. Yule kijana alimtazama shangazi kati ya nondo.

"Nimemfuata mtoto wako, mama," akasema.

Shangazi aliachia nondo. Wanawake nyuma yake wakadhani amesahau maneno, wakaanza kumnong'oneza. Dai kanga. Dai doti nyingi, wanazo. Mwambie marashi hayo ni ya dukani, tunataka ya Unguja. Mmoja akamgusa bega, akamwambia mama, usimfungulie bure, dai.

"Nishapewa," akasema.

Kisha akaninyooshea rimoti mimi, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakuweza kuona kitufe ni kipi.